Jicho Lililokuwa Limenyooka

Shangazi wa Abdiqafar, kijana aliyetaka kumwoa Hibaq, alipoomba msichana avue miwani, Falhado, mama yake Hibaq, ndiye aliyetangulia kujibu. "Vua, hooyo, hakuna neno," alisema, akimwita binti yake kwa lile jina ambalo mama na mtoto wa Kisomali huitana. Alilisema upesi, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango kabla hajabisha mara ya pili.

Walikuwa wameketi kwenye chumba cha nyuma ya duka lao huko Munuki, mjini Juba, alasiri, feni ya sola ikizunguka kwa uvivu. Mgeni wao, Eeddo Dahabo, yaani Shangazi Dahabo, alikuwa ametua asubuhi hiyo kutoka Nairobi. Yeye ndiye aliyemlea Abdiqafar tangu kaka yake, baba wa kijana, alipofariki, na kijana alipopeleka habari kwamba amepata msichana Juba, eeddo alikata tiketi aje kujionea mwenyewe.

Hibaq alivua miwani akaiweka mapajani. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na kazi yake katika duka la dawa la mama mmoja Mkenya aitwaye Kawira. Kwa muda macho yake yalikaa mahali pake. Kisha Eeddo Dahabo akachukua pakiti ya biskuti mezani, akamsogezea.

"Hebu nisomee hapa, mwanangu. Mimi maandishi madogo yananishinda."

Hibaq alisoma. Kadiri alivyojikaza kuona ndivyo jicho lake la kushoto lilivyosogea, polepole, mpaka mboni ikajibanza kwenye pembe ya pua. Alisoma mpaka mwisho, neno kwa neno, unga wa ngano, sukari, mafuta, chumvi. Eeddo alikuwa hasikilizi. Aliweka chini kikombe ambacho hakukimaliza.

"Mashallah," alisema. "Msichana mzuri. Maji ya kunawa yako wapi?"

Aliporudi kutoka kunawa, Hibaq alikuwa amekwisha vaa miwani na macho yote mawili yalikuwa yanamtazama sawasawa.

"Tazama sasa, dada," Falhado alisema. "Akiivaa linanyooka lenyewe. Ni hivyo tangu alipokuwa na miaka sita."

"Nimeona," Eeddo alijibu huku akijifunga shela. "Lakini mtu haoi miwani."

Siku ya tatu akapiga simu kutoka Nairobi. Hakukataa posa, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. Alisema msichana ana adabu na ametoka kwenye nyumba nzuri, ila atibiwe kwanza, kwa sababu siku hizi makengeza ni jambo la nusu saa hospitali.

"Sitaki watu waseme kijana yatima katafutiwa kilichobaki," alisema.

"Abdiqafar mwenyewe anasemaje?" Falhado aliuliza.

"Haya ni mambo ya wanawake, dada. Mwanamume anajua nini?"

Falhado alikata simu akabaki ameishika. Neno lile, kilichobaki, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakumwambia Hibaq. Alimwambia tu ajitayarishe, kesho wataenda kwa Celestino, mpima macho.

*

Celestino alikuwa na chumba kimoja cha kupimia macho na dirisha la kuonyeshea fremu. Ni mtu wa Rejaf, jirani na Juba, lakini alikulia Nakuru wakati wa vita na kusomea huko huko, kwa hiyo Falhado alipenda kwenda kwake, waelewane bila mkalimani. Alimpima Hibaq kwa muda mrefu. Mwishoni alimvalisha miwani ya giza juu ya ile yake, akamfungulia kitabu chenye picha ya nzi mkubwa.

"Shika bawa lake," alisema.

Hibaq alibana hewa kwa vidole viwili, juu kidogo ya karatasi, akacheka kwa sababu nzi alimtokea kweli kweli.

"Umeona hapo, mama? Ni lazima macho yote mawili yafanye kazi pamoja ndipo mtu amwone huyo nzi ameinuka. Wengi wanaoletwa hapa wamechelewa, jicho moja limeshalala, na likishalala ukubwani haliamki. Huyu mlimuwahi. Mlifanya vizuri sana."

Falhado hakuja kusifiwa. "Na akivua miwani?"

"Kwa nini avue?"

Falhado alizitazama fremu za dirishani.

Celestino alivuta kiti, akamweleza taratibu. Macho ya Hibaq yanaona kwa kujikaza, na yakijikaza yanajivuta ndani. Miwani inayaondolea ile kazi, basi yanatulia. Hakuna ugonjwa mwingine wowote, na dawa yake anayo puani kila siku.

"Nimesikia kuna upasuaji," Falhado alisema.

"Upo, kwa wengine. Huyu ukimkata misuli kwa sababu ya jicho unaloliona akiwa bila miwani, siku akiivaa litakimbilia upande wa pili. Ni kama nguo imeshamkaa mtu vizuri, halafu fundi aipunguze tena. Daktari mzuri hatakubali, mama. Msitafute ambaye atakubali."

Waliporudi kwa raksha ya magurudumu matatu, vumbi lilikuwa jingi na lori la maji lilikuwa limeziba njia. Hibaq alifuta miwani kwa upindo wa shela.

"Umesikia, hooyo," alisema.

"Nimesikia."

"Basi yaishe."

"Unampenda yule kijana?"

Hibaq alitazama pembeni, kwenye lori. "Nampenda. Na hajawahi kuniambia nivue kitu."

*

Lakini hayakuisha. Binamu mmoja wa Falhado alituma picha kwenye simu: msichana kabla na baada, na jina la kliniki moja ya binafsi huko Kampala. Falhado aliitazama picha ile wakati wa kupika, wakati wa kuanua nguo, wakati wa kuuza sabuni. Akamwonyesha mumewe.

Mohamud alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe alikuwa akiyatumia kwa wateja. Aliuliza swali moja tu. "Celestino amesemaje?"

"Amesema anaweza kuvaa miwani."

Huo haukuwa uongo, na Falhado alijishika hapo. Wiki ile Mohamud aliuza friza ya duka. Kwa joto la Juba, friza ndiyo iliyokuwa ikivuta wateja, kwa maji baridi na soda, na kwa siku kadhaa watu waliendelea kuingia, wakatazama pale ilipokuwa, wakatoka.

Hibaq alipoambiwa, alisogeza chai yake kando. "Nitakwenda kwa sababu mmeshakata shauri," alisema. "Ila msiseme popote kwamba ni mimi niliyetaka."

Walikwenda kwa basi, kupitia mpaka wa Nimule. Kampala, kwenye benchi la kungojea, Falhado alimnyoshea mkono binti yake. "Nipe miwani nikushikie. Isije ikavunjika humu."

Hibaq alimpa. Falhado aliitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

Daktari alikuwa na haraka, foleni yake ilifika hadi kwenye ngazi. Alimulika macho ya Hibaq, akamwambia afuate kalamu, akapima lile jicho jinsi lilivyoingia ndani. Kisha, akiandika, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Huyu iko na miwani?"

Chumba kilikuwa kidogo. Falhado aliusikia mkoba wake ukimlemea mapajani kana kwamba umetiwa jiwe. Alijua kwamba akiufungua, mtu huyu naye atasema kama Celestino, watarudi kwa basi lile lile, na Eeddo Dahabo atawaambia watu wa Eastleigh, kule Nairobi, lile neno la kilichobaki.

"Ya kusomea tu," alisema. "Tena haimsaidii. Alishaiacha."

Hibaq aligeuza uso, akamtazama mama yake kwa jicho moja huku lingine likiwa limejificha. Daktari alifunga faili.

*

Bandeji ilipofunguliwa, jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, lakini lilikuwa limekaa katikati. Falhado alilia mbele ya wauguzi. Alipiga picha hata kabla uvimbe haujaisha, akamtumia Eeddo Dahabo, na kabla hawajavuka mpaka kurudi Juba jibu likaja: alhamdulillahi, tupange siku. Wakapanga, baada ya wiki sita.

Zile siku za kwanza nyumbani zilikuwa za furaha. Majirani walikuja kumtazama, na Hibaq alikaa kwenye mkeka bila miwani kama alivyoagizwa na mama yake, akitabasamu kwa watu asiowaona vizuri. Kichwa kilimuuma, akasema ni uchovu. Wiki ya pili ilipoisha, alifungua mwenyewe mkoba wa mama yake, akatoa miwani yake, akaenda kazini.

Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, Kawira alimrudisha akiwa amemshika mkono.

"Mama Hibaq, tukae kidogo," alisema Kawira. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma, na ilikuwa dhahiri kwamba hataki kusema alichokuja kusema. "Leo mama mmoja amekuja na karatasi ya dawa ya mtoto. Hibaq amenipa chupa ya nguvu mara mbili ya ile iliyoandikwa. Nimeiona kwa bahati. Nimemuuliza, akaniambia mistari imepandana, hakujua asome upi."

"Amechoka tu," Falhado alisema. "Safari."

"Nimemwambia ahesabu vidonge kumi. Amehesabu, akaanza kulia." Kawira alishusha sauti. "Anaona vitu viwili viwili, mama. Mimi nampenda huyu msichana kama ndugu yangu, lakini kwangu mtu akikosea, mtoto wa mtu anakufa. Akipona, nafasi yake ipo."

Alipoondoka, Falhado alimsogelea binti yake. Hibaq alikuwa amevaa miwani. Jicho la kushoto, lile lililokuwa likiingia ndani, sasa lilikuwa limekwenda nje, kuelekea sikioni, kama linalomtazama mtu mwingine chumbani.

"Tangu lini?" Falhado aliuliza.

"Tangu nilipoivaa."

"Ivue basi."

Hibaq aliivua. Jicho likarudi katikati, uso ukawa mzuri kama wa kwenye picha. "Haya," alisema. "Sasa niambie uko wapi, hooyo, maana sikuoni vizuri, na kichwa kinanipasuka."

*

Celestino alimpima tena. Safari hii hakuzungumza akipima. Hakutoa kile kitabu cha nzi. Alipomaliza alizima taa yake, akaegemea meza.

"Kule Kampala waliambiwa kwamba ana miwani?" aliuliza.

Falhado alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa njia nzima kusema, lakini sasa ulimi ulikuwa mzito, na kabla haujanyanyuka Hibaq alijibu.

"Waliambiwa."

Celestino alimtazama msichana, kisha mama yake, akatikisa kichwa. Huenda aliamini. "Basi wamefanya vibaya sana," alisema.

Alikuwa na kitu kimoja cha kujaribu. Alitoa karatasi laini ya plastiki yenye mistari myembamba, akasema inaitwa prizimu, kazi yake ni kupindisha mwanga ili picha mbili zikutane. Aliikata kwa mkasi kufuata umbo la kioo cha kushoto, akaibandika kwa maji, akamrudishia Hibaq miwani yake.

"Nitazame mimi. Wangapi?"

Hibaq alikawia. "Mmoja," alisema, na sauti yake ikakatika. "Mmoja. Mmoja, hooyo."

Falhado alimshika Celestino mikono yote miwili, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mwanamume asiye ndugu yake. Lakini Celestino hakucheka.

"Akitazama mbele tu. Akiinama kusoma, zitaachana. Akigeuza macho pembeni, zitaachana. Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote nilizo nazo, na haitoshi. Vumbi na joto vitaibandua, nayo nikiagiza nyingine inachukua miezi."

"Na kupasuliwa tena?"

"Labda. Huko Nairobi yuko daktari wa misuli ya macho, nitawaandikia barua. Lakini atataka ingojewe angalau nusu mwaka, jicho litulie. Na msuli uliokwisha kukatwa haurudi ulivyokuwa. Mimi siwezi kuwaahidi, na mtu akiwaahidi msimwamini."

*

Eeddo Dahabo alikuja siku kumi kabla ya harusi, na sanduku la nguo za bibi harusi. Falhado alimwomba Hibaq akae bila miwani kwa saa moja tu.

"Hapana," Hibaq alisema. Lilikuwa jambo la kwanza kumkatalia mama yake tangu kuzaliwa. Aliingia sebuleni amevaa, ile plastiki ikimetameta kwa mistari yake kwenye kioo cha kushoto, na jicho nyuma yake likionekana kama limezama kwenye maji machafu. Alitoa salamu. Akachukua birika ammiminie mgeni chai, akainamisha macho, na chai ikamwagika kwenye sinia, sentimita chache kutoka kwenye kikombe.

Eeddo alisubiri mpaka sinia lipanguswe. Hakuwa mwanamke mkatili. Alimsaidia hata kukusanya vikombe. "Mmemfanya nini mtoto huyu?" alimuuliza Falhado jikoni, kwa sauti ya chini, naye Falhado akatamani mgeni apige kelele. "Mimi nilisema atibiwe. Sikusema aharibiwe."

Sanduku halikufunguliwa. Liliondoka naye jioni ile.

Abdiqafar alikuja siku mbili baadaye, peke yake, akasimama mbele ya kaunta kama mteja. Alikuwa kijana mwembamba anayepeleka bidhaa Malakal kwa matishari ya mizigo ya Mto Nile. Hakuomba kumwona Hibaq.

"Mama, nimekuja kuaga. Mzigo unapakiwa kesho."

"Keti, mwanangu."

"Siketi." Alitazama mikono yake. "Nilimjua Hibaq akiwa na miwani. Siku ya kwanza nilipoingia pale kwa Kawira kununua dawa ya malaria, alinitazama juu ya miwani yake, akanikemea kwa kutomaliza dozi. Niliipenda miwani ile. Nilidhani ni yeye ndiye aliyetaka kwenda Kampala. Nikasema akitaka, sawa. Hakuna mtu aliyeniuliza."

"Muulize sasa," Falhado alisema. "Yuko ndani. Mwanangu, yuko hapo ndani tu."

Abdiqafar alitazama pazia la mlango wa nyuma kwa muda mrefu.

"Eeddo ndiye aliyenilea," alisema mwishowe. "Amesema akirudi kusikia neno hili, mimi si mtoto wake." Akatoka, akasahau hata salamu.

Usiku ule Falhado alimwambia mumewe kila kitu, mkoba, zipu, swali la daktari na jibu lake. Alitaka agombezwe. Alikuwa amejiwekea hata maneno ambayo angeambiwa. Mohamud alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kufunga mlango wa duka ambao ulikuwa umekwisha fungwa, na aliporudi akalala ameelekea ukutani. Tangu siku ile alizungumza na mkewe kuhusu unga na sukari tu.

Kwa Hibaq, Falhado alikwenda na machozi. Alimwomba msamaha asubuhi, akamwomba tena baada ya swala ya adhuhuri, akamwomba tena kesho yake, mpaka Hibaq akamshika bega.

"Nimekusamehe, hooyo. Nilikusamehe pale pale Kampala. Lakini usiniombe tena. Kila ukiniomba, ni mimi ninayekubembeleza wewe, na mimi nimechoka."

*

Miezi ikaenda. Barua ya Celestino ilikaa kwenye droo, hakukuwa na nauli wala ada ya kuifuata Nairobi, na duka bila friza halikuinuka. Karatasi ya prizimu ilianza kubanduka pembeni. Hibaq aliibandika kwa maji, ikabanduka tena, ikaingia vumbi, na siku moja akaing'oa akaitupa. Sasa alikaa dukani mahali pa baba yake wakati Mohamud anapokwenda kununua bidhaa. Wateja walimzoea. Walijifunza kumwekea hela kiganjani badala ya kumnyoshea.

Adhuhuri moja Falhado alikuwa ametoka kununua mkaa. Akirudi alimkuta Nyawal, jirani aliyekuwa akiuza chai ng'ambo ya barabara, akitoka dukani na kilo ya sukari.

"Mama Hibaq," Nyawal alimsimamisha, kwa Kiswahili chake cha kuokotea sokoni. "Binti yako hii, macho yake ilikuwa mzuri sana. Mimi ilikuwa naona kila siku anapita. Nani iliharibu?"

Jua lilikuwa kali. Falhado alihamisha gunia la mkaa kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Madaktari," alisema.

"Malesh," Nyawal alisema kwa huzuni, akimpa pole kwa Kiarabu cha Juba. "Malesh, mama." Akavuka barabara na sukari yake.

Falhado alisimama kwenye mlango wa duka, mwanga wote wa nje ukiwa mgongoni mwake. Ndani kulikuwa na giza kidogo. Hibaq aliinua kichwa kutoka kwenye kaunta, akatazama mlangoni, akasogeza shingo huku na huku kutafuta mahali pa kuyatua macho yake. Kisha akatabasamu lile tabasamu la kuwapokea wateja.

"Karibuni," alisema. "Nyinyi mnataka nini?"

Falhado alikuwa peke yake. Alijaribu kusema ni mimi, hooyo, lakini sauti haikutoka, na Hibaq aliendelea kungoja, mikono imewekwa juu ya kaunta, akiwatazama.